Jengo la zamani Kisumu, mita moja, wapangaji kumi na mmoja

Hiki ni kisa cha jengo moja la ghorofa mbili katikati ya Kisumu, kwa barabara inayokatana na Oginga Odinga Street, na nakiandika kirefu manake watu wengi wananiuliza swichi smati ni pesa ngapi kabla hata hawajajua stima yao inaenda wapi. Mimi ni fundi wa stima, kazi yangu kubwa siku hizi ni majengo ya zamani, na hili ndilo limenifundisha zaidi ya yote pesa ya stima inapotelea wapi.

Jengo ni la kabla ya uhuru. Si unajua Kisumu, reli ilifika hapa 1901 mahali pakiitwa Port Florence, na biashara ya Wahindi ikajenga zile barabara za katikati, duka chini na watu juu. Hili nalo ni hivyo hivyo, kuta za mawe nene kweli, dari ya juu, veranda inayofunika njia ya wapita njia, na karibu na dari kila chumba kina matundu ya hewa. Aliyechora hiyo ramani alilijua joto la hapa, manake tuko karibu kabisa na ikweta, mchana jua linapiga mabati vibaya halafu ikifika alasiri upepo unatoka ziwani, na hayo matundu yaliwekwa kwa ajili ya huo upepo. Sasa miaka ikapita, wapangaji wakabadilika, kila mmoja anakuja na plaiwudi yake anaziba matundu ndio AC isipoteze baridi. Nilipoingia chini kulikuwa na hoteli, duka la simu, saiba na agrovet, juu kukawa na kliniki yenye maabara ndogo, saluni, mawakili na ofisi zingine, jumla wapangaji kumi na mmoja. Mita ya Kenya Power ilikuwa moja tu.

Hiyo mita moja ndio kiini cha hii stori yote. Bili inakuja kwa mwenye jengo, mama mmoja aliyeachiwa jengo na mumewe, halafu keateka, yule mwangalizi wa jengo, anaigawa kwa ukubwa wa chumba, futi kwa futi. Kwa hivyo wakili mwenye chumba kikubwa na laptopu mbili analipa kuliko saluni yenye chumba kidogo na hita ya maji ya kilowati 5. Na mwenye saiba akizima kompyuta zake zote usiku, faida inagawanywa na watu wengine kumi, yeye anapata kipande kidogo hata hakioni. Nani atasumbuka kuzima? Kila mwezi kelele kwa ngazi, kila mtu anaamini jirani ndiye anakula stima.

Kabla yangu alikuja mtu wa kuuza swichi smati. Aliweka kwa korido na kwa ofisi kadhaa, za kuwasha kwa simu, akachukua pesa akaenda. Baada ya hapo taa zikaanza kupepesa, zingine ukizizima zinabaki na mwanga hafifu usiku kucha, na kliniki wakalalamika wagonjwa wanaogopa. Mama aliponiita neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Fundi, mimi sitaki tena vitu za kubonyeza bonyeza kwa simu. Nataka bili ishuke." Nikamwambia sawa Mama, lakini nipe nafasi nipime kwanza kabla sijakuuzia kitu chochote, akakubali ingawa uso ulionyesha ameshasikia ahadi nyingi.

Shida ya zile swichi ni rahisi kuielewa ukishafungua boksi moja ya ukutani. Wayaringi ya zamani ya mtindo wa Uingereza, ile ya waya nyekundu na nyeusi, laivu (waya wa kuleta stima) na nyutro (waya wa kuirudisha) zinapita juu kwa taa, kwa swichi zinashuka waya mbili tu, laivu ya kuja na laivu ya kurudi. Nyutro haiko hapo. Sasa swichi smati yenyewe inahitaji stima kidogo ya kuishi, ikikosa nyutro inajilisha kupitia taa yenyewe, yaani kamkondo kadogo kanapita kwa taa hata ukiwa umezima. Balbu ya zamani ya waya haingesikia kitu, lakini LED inakula kidogo sana na hako kamkondo kanatosha kuipepesa ama kuiacha iking'aa gizani. Hakuna kitu kilikuwa kimeharibika, ni kifaa cha nyumba mpya kimewekwa kwa nyumba ya zamani bila mtu kufungua boksi akaangalia. Ukiwa na jengo la miaka hiyo, hilo boksi ndilo la kufungua kabla hujanunua chochote, ni kazi ya bisibisi na tesita tu.

Basi tukapima. Nikafunga zile klampu za kupima mkondo, CT, kwa laini kuu na kwa laini za kila ghorofa, zikawa zinaandika kila dakika chache na kutuma kwa simu. Waifai haikusaidia, ukuta wa mawe unameza mawimbi, chumba cha tatu kutoka kwa rauta hupati kitu. Tukatumia redio za LoRa zenye mawimbi ya chini zaidi, zinapenya ukuta vizuri na zinakula betri kidogo, mtambo mmoja wa kupokea ukakaa chini ya mabati, ukasikia jengo zima.

Kilichotushtua ni usiku. Saa nane usiku, maduka yamefungwa, watu wamelala, jengo lilikuwa linavuta karibu kilowati 3 bila kupumzika. Piga hesabu, kilowati 3 kwa masaa 11 ya usiku ni yuniti 33, mara siku 30 ni yuniti 990 kila mwezi zinazotumika na hakuna mtu ndani. Sehemu yake ilikuwa halali, friji ya maabara ya kliniki na friza ya hoteli lazima ziwake. Zingine tulizifuata moja moja kama polisi. Dispensa za maji zinachemsha na kupoza usiku kucha, taa za korido, AC ya ofisi moja iliyosahaulika, na pampu. Pampu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: floti ya tangi la juu, ile ya kuzima pampu tangi likijaa, imekufa, maji yanajaa yanamwagika kwa paipu ya nyuma yanaenda kwa mtaro, pampu inazidi kusukuma. Mama alikuwa analipa stima na maji ya kumwaga. Floti mpya ni mia chache tu. Hakuna teknolojia yoyote smati hapo, lakini bila ile grafu ya saa nane usiku hakuna mtu angepanda kuangalia tangi, hata keateka alikuwa anajua tu kwamba mtaro wa nyuma hukaa na maji.

Halafu waya. Hapa nataka nikae kidogo manake ndipo watu wanapenda kuruka. Nilipima insulesheni, yaani kile kifuniko cha waya kinachozuia stima kuvuja, kwa kifaa kinaitwa mega, volti 500, laini moja baada ya nyingine. Laini nzima inatakiwa isome megaohmu 1 na zaidi, nyumba mpya inasoma mamia. Laini kadhaa za ghorofa ya juu zilisoma chini kabisa, ule mpira wa kufunika waya umekauka, ukiukunja unamegeka mkononi, athi yenyewe, ule waya wa usalama wa kwenda ardhini, sehemu zingine haipo. Ukiweka senso na kontakta (swichi kubwa zinazowashwa na stima) juu ya waya kama hizo umerembesha hatari. Tulivuta waya mpya ghorofa yote ya juu, tukaweka nyutro kwa kila boksi ya swichi, breka za kisasa zenye kukata stima ikivuja, na kinga ya radi, manake mvua za hapa za jioni zinakuja na ngurumo na hivi vifaa vya elektroniki havivumilii. Hiyo ndiyo ilikula pesa nyingi kuliko kitu kingine chote. Mama aliniuliza itarudisha pesa baada ya muda gani, nikamwambia ukweli, Mama hii hairudishi, hii ni ya jengo lisiungue. Naona ni makosa kuchanganya hizo hesabu mbili, mtu anaweka gharama ya usalama kwa hesabu ya kuokoa stima, inaonekana mradi haulipi, anaacha vyote.

Taa zilikuwa rahisi. Kulikuwa na tyubu 96 za futi nne, za wati 36, ukiongeza choki yake, kile kifaa cha kuiwasha tyubu, kila moja ni kama wati 45. Tukaweka LED za wati 18. Ukitoa, ni kama kilowati 2.6 zimeondoka, na kwa masaa 10 kwa siku za kazi 26 hiyo ni karibu yuniti 670 kwa mwezi. Kwa bili zao, ukiweka VAT ya asilimia 16 na zile tozo zingine, yuniti moja ilikuwa inafika karibu shilingi 28, kwa hivyo pesa ya tyubu ilirudi haraka sana. Korido na vyoo ndipo tuliweka senso za kugundua mtu, na hapo tu. Ofisini tulikataa. Wakili anasoma faili ametulia, senso inaona hakuna anayetembea, inamzimia. Mtu akizimiwa taa mara mbili anaziba senso na selotepu na yuko na haki.

AC zilikuwa tisa, nyingi za zamani zisizo na invata, yaani kifaa cha kupunguza kasi ya kompresa, zile za kuvuta kilowati 1 na kidogo kila kompresa ikiwaka. Zote zimewekwa 16 ama 18, mtu anavaa sweta Kisumu mchana! Wengi wanaamini ukiweka 16 chumba kinapoa haraka, lakini AC isiyo na invata inapoza kwa nguvu ile ile, tofauti ni kwamba haipumziki. Kabla hatujagusa hata rimoti tulipanda juu. Silingi ya ghorofa ya juu ilikuwa bodi nyembamba, juu yake hewa moto halafu mabati moja kwa moja, na ule upande mrefu unaangalia magharibi unapigwa na jua mpaka jioni. Tukapaka mabati rangi nyeupe ya kurudisha jua, tukatandaza foili chini yake, tukatoa plaiwudi kwa matundu ya vyumba visivyo na AC. Nashukuru hayakuwa mabati ya asbestosi, hayo huwezi kugusa bila watu wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Ofisi mbili za kona baada ya hapo walisema wao wako sawa na feni, wakarudisha AC kwa Mama.

Mpangilio huu sikuutunga mimi. Empire State Building kule New York, jengo la 1931, walipolikarabati kuanzia 2009 hawakuanza kwa kununua mitambo mipya ya kupoza. Madirisha 6,514 yalitengenezwa upya humo humo ndani ya jengo, nyuma ya redieta, vile vyuma vya kupasha chumba joto, zikawekwa foili za kurudisha joto, taa na mitambo ya kuongoza hewa zikarekebishwa, mahitaji ya baridi yakashuka hadi ikawezekana kukarabati mitambo ya zamani ya kupoza badala ya kuongeza mingine mikubwa. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi kwa asilimia 38. Wao shida yao ilikuwa baridi ya nje na joto la ndani, sisi ni mabati na jua la magharibi, lakini utaratibu ni ule ule: punguza hitaji kwanza, mtambo wa kuliongoza uje baadaye.

Baada ya hapo ndio tukafunga vidhibiti kwa AC zilizobaki. Kila moja ina kifaa kidogo cha kutuma ishara kama rimoti, hakiruhusu chini ya 24, kinazima saa mbili usiku isipokuwa kliniki, na kikizima hakiwashi tena mpaka dakika tatu zipite ndio kompresa isiumie. Kazi yake ambayo hakuna aliyeitegemea imekuwa ni stima ikipotea na kurudi. Zamani ikirudi, AC zote na pampu na friza zinaamka kwa wakati mmoja, mkondo unaruka, breka kuu inaanguka, keateka anakimbia na tochi. Sasa zinaamka kwa zamu. Jioni volteji ikishuka pia inazuia kompresa, manake mota ikikosa volteji inavuta mkondo mkubwa zaidi na kuungua polepole.

Sasa nije kwa submita, na hapa ndipo ningetaka wenye majengo wasome pole pole. Tulifunga submita, yaani mita ndogo za ndani, kumi na moja kwa paneli ya breka, moja kwa kila mpangaji, na moja ya korido, ngazi na pampu, zote zimeunganishwa kwa waya mbili za RS485, mtindo wa kupitisha data kwa waya, zinasomwa na kikompyuta kimoja kidogo. Vifaa vya bei ya kawaida. Ugumu haukuwa kwa vifaa, ulikuwa kwa watu. Ukimwambia mtu kuanzia leo utalipa unachotumia, aliyekuwa anabebwa anasikia ameonewa, na kweli mwenye saluni bili yake ingepanda zaidi ya mara mbili. Dada alikuja juu akaniambia, "Fundi, wewe umeletwa kunifukuza hapa?" Nikamwambia hapana dada yangu, keti tuangalie wote. Tukafungua simu, tukaona kwamba draya si tatizo, tatizo ni ile hita ya papo kwa papo ya kilowati 5 kwa sinki ya kuosha nywele, inafunguliwa kila mara na maji ya Kisumu hata hayahitaji kuchemka. Mama mwenyewe akagharamia hita ndogo ya sola ya juu ya paa kwa ajili ya ile sinki, akaiongeza kidogo kwa kodi, na dada akabaki. Nasema hivi kwa sababu ningeweza kumwekea mita tu nikaondoka, na hesabu ya jengo ingetoka nzuri, ila mpangaji angeondoka na kero yake na mwingine angekuja na hita ile ile.

Tulikubaliana miezi mitatu ya kuangalia tu. Kila Jumatatu kila mpangaji anapata ujumbe kwa simu, wiki hii umetumia yuniti hizi, usiku ulipokuwa umefunga umetumia hizi, na kwa bei ya bili ni shilingi kadhaa. Malipo yanaendelea kwa futi kama zamani. Na ndani ya hiyo miezi mitatu, kabla mtu yeyote hajalipa hata shilingi tofauti, matumizi ya usiku yalianza kushuka yenyewe. Mwenye saiba aliweka swichi moja kuu karibu na mlango. Agrovet walitoa dispensa kabisa. Hoteli walibadilisha raba za mlango wa friza, manake waliona kwa grafu kompresa haipumziki. Hakuna kifaa kilichowalazimisha. Ilikuwa mara ya kwanza mtu anaona yake mwenyewe ikiwa pekee yake, na anajua mwezi wa nne itakuwa pesa yake.

Suala la siri lililetwa na wakili na nashukuru alilileta mapema. Mita inayosoma kila dakika chache inaonyesha mtu aliingia ofisini saa ngapi, alitoka saa ngapi, alilala huko ama la. Tukakubaliana kwa maandishi, kila mpangaji anaona yake yote, Mama anaona jumla ya mwezi peke yake, na bei ni ile ile ya bili ya Kenya Power bila kuongezwa hata senti. Korido na pampu zinagawanywa sawa. Ukiweka submita bila karatasi kama hiyo utakuwa umehamisha zile kelele za ngazini kutoka kwa bili kwenda kwa mita.

Kuna vitu tulikataa. Swichi za simu kwa kila chumba hatukuweka. Taa za nje zenye senso ya mwendo zilishindwa pia, manake wale wadudu wadogo wa ziwani wakija kama wingu wanajaza lenzi na buibui wanafuata, taa inawaka inazima usiku mzima, tukarudi kwa ile ya kuwaka giza likiingia, LED ya wati chache. Hao wadudu ndio pia wanaziba mapezi ya AC za nje, kwa hivyo keateka ana ratiba ya kuosha na maji, na grafu ikionyesha AC moja inavuta zaidi ya kawaida yake anajua ni ipi aanze nayo.

Bili ilikuwa inacheza karibu yuniti 6,400 kwa mwezi, sasa iko karibu 4,300. Kwa ile shilingi 28 ni kama shilingi 59,000 zinazookolewa kila mwezi. Sehemu kubwa ni taa na usiku, vinavyofuata ni AC na paa, halafu saluni. Hakuna sheria iliyomsukuma Mama kufanya haya. Kanuni za usimamizi wa nishati za 2012 zinabana jengo linalotumia yuniti 180,000 kwa mwaka na zaidi, lifanyiwe ukaguzi kila miaka mitatu, na hili hata nusu ya hapo halifiki. Majengo mengi ya katikati ya Kisumu, Kakamega, hata Nakuru ni ya kimo hiki, hayaguswi na ukaguzi wowote, na kila moja lina friza, AC na pampu yake inayowaka saa nane usiku.

Kilichobaki ni sola. Mama alitaka tuanze nayo mwaka ule wa kwanza, nikamwomba tusubiri, manake tungenunua paneli za kuendesha pampu inayomwaga maji kwa mtaro. Sasa tunajua mchana jengo linavuta kiasi gani saa kwa saa, tunaweza kupima paneli zitoshe matumizi ya mchana yaishie humu humu ndani, kwa kuwa kanuni za 2024 za kurudisha stima kwa gridi zinakupa nusu tu ya yuniti unazotoa. Mabati ya upande wa mashariki yana kutu na hayawezi kubeba kitu kabla hayajabadilishwa, na hiyo kazi tunataka iishe kabla ya mvua ya Machi.